Fedha za Kituo cha Watoto Zitoke Wapi?

1. Mtoto abaki na nani?

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tunaijua sote. Maana yake ni kwamba mtoto hawezi kulelewa na mtu mmoja peke yake. Anahitaji mikono mingi. Anahitaji mkono wa mama, wa baba, wa bibi, wa jirani na wa kijiji. Katika somo hili tutazungumza juu ya mkono mwingine ambao mara nyingi tunausahau. Huo ni mkono wa serikali.

Tuanze na jambo la kila mwaka. Mvua zimeanza. Msimu wa kulima umefika. Mama anaamka alfajiri aende shambani. Shamba liko mbali. Ana mtoto wa miaka miwili. Je, mtoto huyo abaki na nani?

Akimbeba mgongoni, atalima kidogo na kuchoka sana. Mtoto naye atapigwa na jua na mvua. Akimwacha kwa bibi, huenda bibi naye ana shamba lake, au hana tena nguvu za kumkimbilia mtoto. Akimwachia dada yake wa miaka tisa, dada huyo hatakwenda shule. Akimwacha peke yake, nyumbani kuna moto jikoni, nje kuna kisima, na karibu kuna barabara.

Zamani tatizo hili lilikuwa dogo kidogo, kwa sababu dada wakubwa wengi walikuwa nyumbani. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi. Watoto wengi zaidi wakaandikishwa. Hilo ni jambo jema. Lakini sasa dada yuko darasani, au anapaswa kuwa darasani. Mdogo wake anahitaji mlezi mwingine.

Mama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa siku 84 zenye malipo. Mama mkulima hana likizo ya namna hiyo. Mvua haimsubiri. Magugu hayamsubiri.

2. Kituo ni kitu gani?

Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni mahali ambapo watoto wanatunzwa wakati wazazi wako kazini. Watoto huletwa asubuhi na kuchukuliwa wazazi wanaporudi. Hapo hucheza, huimba, hujifunza kuhesabu na kutaja majina ya vitu, hunywa uji na hulala kidogo.

Kituo kizuri hakihitaji mambo makubwa. Kinahitaji mambo haya:

Kwanza, walezi wenye upendo na waliopata mafunzo.
Pili, uji au chakula kila siku.
Tatu, maji safi na sabuni.
Nne, choo kinachofaa watoto wadogo.
Tano, chumba au banda lisilovuja, na uwanja salama wa kuchezea.

Uji una sababu yake. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Hawezi kula asubuhi chakula cha kutwa nzima. Anahitaji kula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mama akiwa shambani tangu asubuhi hadi jioni, mtoto hula mara mbili tu. Ndipo anapodhoofu, hata kama ghalani kuna mahindi.

3. Tupige hesabu

Wengi wetu tukisikia neno "kituo" tunafikiri juu ya jengo. Tunafikiri juu ya matofali, bati na saruji. Lakini jengo hujengwa mara moja. Mlezi hulipwa kila mwezi. Uji hupikwa kila siku. Hebu tupige hesabu tuone.

Tuchukue mfano wa kituo chenye watoto 40. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Wewe weka bei za kijijini kwako.

Walezi wawili, kila mmoja shilingi 100,000 kwa mwezi: 200,000.
Uji wa shilingi 300 kwa kila mtoto, watoto 40, siku 22: 264,000.
Kuni, maji na sabuni kwa mwezi: 36,000.
Jumla kwa mwezi: shilingi 500,000.

Sasa tugawe kwa watoto 40. Kila mtoto anatakiwa kulipiwa shilingi 12,500 kila mwezi. Mzazi mwenye watoto wawili kituoni atalipa shilingi 25,000. Kwa mwaka mzima, kituo hiki kidogo kinahitaji shilingi 6,000,000.

Unaona, ndugu msomaji? Hesabu hii haina tofali hata moja. Haina bati wala msumari. Ni fedha za walezi, uji, kuni, maji na sabuni tu.

4. Kwa nini mchango wa wazazi hautoshi?

Mtu anaweza kusema, "Basi wazazi wachange." Ni kweli, wazazi lazima wachange. Lakini tazama kalenda ya mkulima.

Ni wakati gani mama anakihitaji kituo zaidi? Ni wakati wa kulima, kupanda na kupalilia. Je, wakati huo ana fedha? Hapana. Mazao ya mwaka jana yamekwisha au yanakaribia kwisha. Mazao ya mwaka huu bado yako shambani. Fedha zitapatikana baada ya mavuno. Kwa hiyo mwezi ambao kituo kinahitajika sana ndio mwezi ambao mfuko ni mtupu.

Matokeo yake tunayajua. Mwezi wa kwanza wazazi 40 wanalipa. Mwezi wa pili wanalipa 25. Mwezi wa tatu wanalipa 12. Mlezi hapati posho yake. Mlezi naye ni mkulima na ni mzazi. Anaanza kwenda shambani kwake siku mbili kwa wiki. Siku hizo kituo kinafungwa. Wazazi wanapoona kituo kinafungwa ovyo, wanaacha kuleta watoto. Wakiacha kuleta watoto, michango inapungua tena. Mwishoni kituo kinakufa. Jengo linabaki, na mbuzi wanalala ndani.

Watu wakipita wanasema, "Wazazi wa kijiji hiki ni wazembe." Wengine wanasema, "Mlezi alikuwa mvivu." Mara nyingi si hivyo. Kituo kilikosa fedha zinazokuja kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Kuna jambo jingine. Mama mwenye shida kuliko wote ndiye anayeshindwa kulipa kwanza. Pengine ni mjane, au mumewe ni mgonjwa, au hulima vibarua. Mtoto wake ndiye anayehitaji uji kuliko wote. Kituo kinachotegemea ada peke yake humtoa kwanza mtoto huyo.

5. Tuliyokwisha kuyaona Tanzania

Vituo vya watoto si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970 vijiji vingi vilianzisha vituo vya kulelea watoto. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulihimiza kazi hiyo. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Lakini mlezi alitegemea malipo ya kijiji. Mara nyingi malipo hayo yalikuwa madogo na yalichelewa. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, vituo vingi vilidhoofika.

Pia tuliona mfano mzuri. Mwaka 1983 ulianza mradi wa lishe mkoani Iringa. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na fedha zilitoka Italia. Mradi ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yalijadiliwa na viongozi wa kijiji. Wananchi walijiuliza: kwa nini mtoto huyu amepungua uzito? Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba mama hana muda, na mtoto halishwi mara za kutosha. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto. Katika miaka michache, utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo.

Mfano wa Iringa unatufundisha mambo mawili. Wananchi wanaweza kuijua shida yao na kuipatia dawa. Lakini pia palikuwa na fedha za mafunzo, za mizani na za watumishi wa kuwatembelea. Nguvu za wananchi na fedha za umma zilikwenda pamoja.

Sasa tutazame nchi mbili nyingine. Moja ni nchi ya wakulima wengi kama sisi. Nyingine ni nchi tajiri. Zote mbili ziliamua kwamba malezi ya watoto wadogo yalipiwe kwa fedha za serikali. Tuone walifanyaje, na walikosea wapi.

6. India: serikali inamlipa mlezi na kununua chakula

India ilianza tarehe 2 Oktoba 1975. Ilianza katika maeneo 33 tu, ili kujaribu. Kila kituo kilichofunguliwa kiliitwa anganwadi. Neno hilo lina maana ya mahali pa uani, kwa sababu uani ndipo watoto wanapokaa na kucheza.

Kila kituo kina mlezi mmoja na msaidizi wake. Wote ni wanawake, na kwa kawaida wanatoka katika kijiji hicho hicho. Kituo kinahudumia watoto walio chini ya miaka sita, pamoja na mama wajawazito na wanaonyonyesha. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wanapewa chakula na masomo ya mwanzo. Walio wadogo zaidi hupewa chakula cha kupeleka nyumbani. Watoto hupimwa uzito, na kituo hushirikiana na watu wa afya katika kazi ya chanjo.

Nani analipa? Serikali Kuu ya India na serikali za majimbo zinagawana gharama. Kwa sababu hiyo kituo hakifungwi mazao yanapoharibika. Kazi iliyoanza katika maeneo 33 imeenea nchi nzima. Leo India ina vituo zaidi ya 1,300,000.

Lakini vituo hivyo havikuenea kwa siku moja. Miaka 26 baada ya kuanza, bado watoto wengi walikuwa hawajafikiwa. Wananchi walipeleka madai mahakamani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru serikali ifikishe huduma za vituo hivyo kwa watoto wote wadogo.

Kasoro nyingine ni malipo ya walezi. Serikali haiwaiti waajiriwa. Inawaita watu wa kujitolea, na malipo yao yanaitwa asante. Malipo hayo ni madogo, na kazi ni nyingi. Mara nyingi walezi wamegoma na kuandamana. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba walezi hao na wasaidizi wao wana haki ya kiinua mgongo. Hivyo mahakama ilikubali kwamba kazi yao ni kazi kweli.

Tena, vituo vingi vya anganwadi hufunguliwa saa chache tu kwa siku. Mama anayeshinda shambani au kiwandani hapati msaada wa kutosha. Mwaka 2022 serikali ya India ilianza mpango wa kuongeza malezi ya kutwa katika baadhi ya vituo.

7. Quebec: ada moja ndogo kwa wote

Sasa twende Kanada, katika jimbo liitwalo Quebec. Huko wanawake wengi hufanya kazi ofisini, hospitalini na viwandani. Zamani ada ya kituo cha watoto ilikuwa kubwa. Mama wengi walipiga hesabu wakaona afadhali wabaki nyumbani, kwa maana mshahara wote ungeishia kwenye ada.

Mwaka 1997 serikali ya Quebec ilifanya uamuzi. Mzazi alipe dola 5 za Kanada kwa siku. Gharama zote zilizobaki zilipwe na serikali. Walianza na watoto wa miaka minne, kisha wakashuka hadi watoto wachanga. Kufikia mwaka 2000 watoto wote wasioanza shule waliingizwa katika mpango huo. Mwaka 2004 ada ilipanda ikawa dola 7. Mwaka 2024 ilikuwa bado chini ya dola 10.

Fedha za serikali zinazopewa kituo ili mzazi alipe kidogo zinaitwa ruzuku. Vituo vingi vilivyopewa ruzuku havikuwa vya wafanyabiashara. Vinasimamiwa na bodi, na wengi katika bodi hiyo lazima wawe wazazi wenye watoto kituoni.

Matokeo yalikuwa nini? Idadi ya nafasi za watoto iliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kama kumi. Mwaka 2012 wachumi watatu, Pierre Fortin, Luc Godbout na Suzie St-Cerny, walitoa hesabu yao. Walisema kwamba mwaka 2008 wanawake wapatao 70,000 zaidi walikuwa kazini kwa sababu ya mpango huo. Wanawake hao walilipa kodi. Kwa hesabu ya wachumi hao, kodi iliyotokana na kazi hizo ilitosha kufidia gharama ya ruzuku. Mwaka 2021 serikali ya Kanada nzima ilitangaza dola bilioni 30 kwa miaka mitano. Lengo lilikuwa kufikisha ada ya wastani wa dola 10 kwa siku nchini kote. Ilichukua mfano wa Quebec.

Huko nako kuna kasoro. Ada ilipopungua, wazazi wengi walitaka nafasi kwa wakati mmoja. Foleni ya kusubiri ikawa ndefu. Wenye kipato kizuri mara nyingi walipata nafasi kabla ya maskini. Pia wachunguzi waliona kwamba vituo havikuwa sawa. Vile vinavyosimamiwa na wazazi mara nyingi vilikuwa bora kuliko vya biashara. Baadhi ya wachunguzi waliona hata tabia za baadhi ya watoto zikiharibika. Funzo ni kwamba kuongeza nafasi peke yake hakutoshi. Mtoto akiwekwa mahali penye watoto wengi na mlezi asiye na mafunzo, hatapata faida.

8. Sheria na mipango ya Tanzania

Tanzania Bara tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema kwamba kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe. Haifai mtu kukusanya watoto chumbani na kutoza fedha bila kibali. Usajili unamlinda mtoto. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kumwona kuhusu jambo hili. Zanzibar ina sheria yake ya watoto, ya mwaka 2011.

Tuna pia madarasa ya elimu ya awali katika shule za msingi. Tangu mwaka 2016 madarasa hayo ya serikali hayana ada. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini darasa la awali hasa ni la mtoto anayekaribia darasa la kwanza. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana nafasi hapo.

Mwezi wa Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Ilipangwa kwa miaka mitano, kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Inahusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inataja mambo matano: afya, lishe, malezi, kujifunza mapema, na ulinzi na usalama wa mtoto.

Mpango ni kama mbegu, na fedha ni kama mvua. Mbegu njema bila mvua haioti. Hata hivi leo, katika vijiji vingi mlezi hulipwa kwa michango ya wazazi. Ndiyo maana wananchi wanapaswa kujua namna ya kuomba fedha za umma.

Tukumbuke pia kwamba fedha za serikali ni fedha zetu. Unapouza mazao, kuna ushuru. Unaponunua sabuni, ndani ya bei yake kuna kodi. Kwa hiyo anayedai huduma si ombaomba. Anauliza matumizi ya fedha alizochangia mwenyewe.

9. Mabishano mkutanoni

Huenda mzee mmoja akasimama mkutanoni na kusema: "Ndugu mwenyekiti, sisi hatukulelewa vituoni, na tumekua. Kwa nini serikali ilipe kazi ya akina mama?"

Tumsikilize mzee, maana ana haki ya kuuliza. Lakini mama mmoja anaweza kumjibu kwa heshima: "Baba, ni kweli mlikua. Lakini ni nani aliyewabeba? Ni dada zenu. Na wengi wa dada hao hawakuwahi kushika kalamu. Leo baadhi yao tuko nao hapa, katika darasa hili la kisomo, wanajifunza kusoma wakiwa na wajukuu."

Mwingine atasema: "Fedha ni kidogo. Kuna barabara, kuna dawa, kuna maji." Hilo nalo ni kweli. Serikali haiwezi kulipa kila kitu kwa siku moja. Ndiyo maana India ilianza na maeneo 33, na Quebec ilianza na watoto wa miaka minne. Kuanza kidogo si kosa. Kosa ni kuanza kwa kishindo na kuacha baada ya mwaka mmoja.

10. Kijiji kifanye nini?

Kwanza, hesabuni watoto. Pita nyumba kwa nyumba. Andika ni watoto wangapi wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, mitatu na minne. Andika pia nani anabaki nao wakati wa kulima. Kazi hii inaweza kufanywa na ninyi wenyewe mnaosoma kitabu hiki. Sasa mnajua kuandika na kuhesabu.

Pili, pigeni hesabu ya mwezi, kama tulivyofanya hapo juu. Tumieni bei za kijijini kwenu.

Tatu, amueni kijiji kitatoa nini. Kijiji kinaweza kutoa kiwanja na banda. Wazazi wanaweza kutoa mahindi na karanga baada ya mavuno, yakawekwa ghalani kwa ajili ya uji wa msimu wa kulima. Hivyo mzazi anachanga wakati ana kitu, na mtoto anakula wakati hakuna kitu. Mama asiyeweza kuchanga asifukuziwe mtoto wake.

Nne, peleka jambo hili katika mkutano mkuu wa kijiji. Kila mtu mzima wa kijiji mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Jambo likikubaliwa liandikwe katika mpango wa kijiji. Kisha mpango uende kwenye kata na kwenye halmashauri ya wilaya. Diwani aulizwe amefikia wapi.

Tano, msichelewe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi linalofika mwezi wa Juni limechelewa.

Sita, ombeni kitu kinachoeleweka. Msiseme tu, "Tunaomba msaada." Semeni hivi: "Tuna watoto 40. Banda tumejenga. Uji tutachanga. Tunaomba walezi wawili wapewe mafunzo na walipwe kila mwezi." Ombi la namna hiyo lina hesabu ndani yake. Ni vigumu kulijibu kwa maneno matupu.

Saba, fedha zikija zilindwe. Chagueni kamati yenye wazazi wengi. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi na kubandikwa ukutani. Mzazi anayejua kusoma ataona uji ulinunuliwa kwa kiasi gani.

Katika haya yote, jambo kubwa ni fedha za kila mwezi. Watu wengi hupenda kusaidia kujenga, kwa sababu jengo linaonekana na linazinduliwa. Uji hauzinduliwi. Mshahara wa mlezi haupigiwi ngoma. Lakini mtoto hali matofali. Kituo kinaishi kwa mlezi anayekuja kila asubuhi, na mlezi anakuja kila asubuhi kama anajua kwamba mwisho wa mwezi atalipwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, watoto wadogo hubaki na nani wakati wa kulima?
2. Je, palikuwa na kituo cha watoto zamani? Kilikufa kwa sababu gani?
3. Wazazi wanaweza kuchanga nini, na mwezi gani ni rahisi kwao?
4. India serikali huwalipa walezi na kununua chakula. Quebec serikali huvipa vituo ruzuku. Njia ipi ingefaa kijijini kwenu? Toeni sababu.
5. Kwa nini walezi wa India waligoma? Je, kazi ya kulea ni kazi ya kujitolea tu?

Hesabu

1. Kituo cha watoto 40 kinahitaji shilingi 500,000 kwa mwezi. Serikali ikilipa walezi shilingi 200,000, zitabaki ngapi? Kila mtoto atalipiwa kiasi gani? (Jibu: zitabaki 300,000, kila mtoto 7,500.)
2. Serikali ikilipa walezi na uji pia, zitabaki shilingi 36,000. Kila mtoto atalipiwa kiasi gani? (Jibu: 900.)
3. Andika hesabu ya kituo cha kijiji chenu. Anza na idadi ya watoto.

Maneno ya kukumbuka

Bajeti: hesabu ya mapato na matumizi inayopangwa kabla ya mwaka kuanza.
Kiinua mgongo: fedha anazopewa mfanyakazi anapomaliza utumishi wake.
Ruzuku: fedha za serikali za kupunguza gharama ya huduma kwa mwananchi.
Utapiamlo: hali mbaya ya mwili, hasa kwa kukosa chakula cha kutosha au chakula bora.